Pole Haiji kwa Lori la Kabichi

Mwakirunge,
Jumatatu, 30 Juni 2025

Mwanangu Hanan,

Assalaam aleykum. Sisi huku wazima, wasiwasi wangu ni wewe uliye porini na ndovu. Erastus wa lori la kabichi ameniambia ndovu walivunja tangi la maji hapo kambini kwenu, akacheka. Mimi sikucheka. Ukisikia mlio usiku usitoke nje hata kama ni haja. Tumia ndoo.

Nampa Erastus barua hii pamoja na achari ya ndimu na mabuyu. Kesho anapakia kabichi zenu Kongowea. Nimemwambia aiweke karibu na usukani, maana ile ya mwezi jana ilikufikia inanuka vitunguu ukadhani niliiandika nikilia. Afadhali barua kuliko simu yenu hiyo ya kupandia mlima kutafuta mtandao.

Sasa mambo ya wageni wa kambi yenu mnaotuletea. Jumamosi ndiyo siku, na mimi usingizi sina. Chakula ni changu, vikapu ni vya Nduku, na njia ya kwenda mikokoni ni ya Dama kwa kuwa inapita uani kwake. Bila Dama hatuna kitu cha kuonyesha ila kuku wangu na vumbi la machimbo. Nduku ameuliza kama wazungu wanakula muhogo wa nazi. Nikamwambia watu wanaokula majani mabichi watashindwaje na muhogo? Naomba tu siku hiyo upepo usitoke jaani.

Ami yako Kaingu ameweka mbao juu ya tope lote mpaka kwenye maji, na sasa anachonga benchi la wageni kukalia. Kila mtu akipita anamwita aje alijaribu kabla halijawa na miguu. Anasema, "Mwambie Hanan, niliyembeba begani kumvusha tope hili akienda skuli na soksi nyeupe, akija tena atapita kwa miguu yake kama bibi arusi." Mkewe Dama akamjibu, "Na wewe ulivyochoka, atakubeba yeye." Kaingu ana kikohozi kidogo lakini hakubali kupumzika.

Barua yako iliyopita niliwasomea wote mkekani tukichambua mchicha, kama kawaida. Andika ndefu, wanaisubiri kuliko mimi.

Kula vizuri.

Mama yako,
Salme


Kambini, Taita
Jumatano, 2 Julai 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Achari imefika, na barua haikunuka kitu.

Mama, nina neno la muhimu. Meneja amesema hawa wageni sita wa Jumamosi ni wa kujaribia. Wakirudi wamefurahi, atakuwa anawaleta watu kwenu kila wiki mbili, na mimi atanithibitisha kazini niwe msimamizi wa safari za vijijini. Wasipofurahi, basi, ataendelea na hoteli za pwani, nami nitarudi kukunja mashuka.

Kwa hiyo nawaomba, wewe na Mama Dama na Mama Nduku, wageni wakifika wakute vicheko. Wamekuja kupumzika. Wasisikie habari za maji yaliyokatika, wala jaa, wala nani mgonjwa na nani anagombana na nani. Hata kama kuna jambo, lifunikeni mpaka waondoke. Jaffar ndiye atakayewaleta na kuwatafsiria, mtamsikiliza yeye.

Msalimie sana Ami Kaingu. Mwambie soksi zile nyeupe ninazo bado, ila haziniingii.

Mwanao,
Hanan


Mwakirunge,
Jumatatu, 7 Julai 2025

Mwanangu Hanan,

Assalaam aleykum. Wageni walikuja, wakala, wakalala, wakaondoka salama. Muhogo waliumaliza. Palikuwa na ngoma kwa Dama, wakaipenda mno, wakaingia wakacheza nao.

Benchi lina miguu mitatu, limebaki bila mguu mmoja. Nimeliegemeza kwa jiwe la machimboni.

Leo sina nguvu ya kuandika ndefu, mkono mzito. Mengine nitakueleza nikitulia. Wewe fanya kazi yako kwa moyo mmoja, usiwaze ya huku. Na usitoke nje usiku.

Mama yako,
Salme


Kambini, Taita
Jumatano, 9 Julai 2025

Mama yangu mpendwa, Mama Dama, Mama Nduku, nyote mlio mkekani,

Shikamoo zenu. Leo barua hii someni kwa sauti mpaka majirani wasikie.

Mmeniua kwa furaha. Wale wageni tangu warudi hawazungumzi kingine. Ndovu wamesahauliwa. Ni ngoma tu, ngoma tu. Mmoja amenionyesha video kwenye simu yake, giza lilikuwa limeingia, nikaona vumbi na miguu na mwanamke mmoja amejifunga kaniki nyeusi, anazunguka ameshikana mikono na mzungu. Nikamuuliza Jaffar ngoma gani ile, akasema alisikia watu wakiiita kifudu. Jamani, kumbe mna hazina kama ile mkaificha miaka yote.

Nimeshaandika kwenye ubao wa mapokezi kwa chaki za rangi: KIFUDU MWAKIRUNGE, NGOMA YA FURAHA YA MIJIKENDA, KILA WIKI MBILI. Kufikia jioni watu kumi na wanne walikuwa wamejiandikisha. Watafika Jumamosi ya tarehe 19. Meneja amenipa mkono mbele ya wafanyakazi wote.

Mama Dama, nakuomba safari hii muanze mapema kabla jua halijazama, picha zitoke vizuri. Na Ami Kaingu asijifiche nyuma kama kawaida yake. Avae ile kanzu yake nyeupe, akae mbele kabisa kwenye benchi lake, wageni wamwone. Yeye ndiye atakayekuwa pambo la ngoma yenu.

Mwanenu anayewapenda,
Hanan


Mwakirunge,
Jumatatu, 14 Julai 2025

Hanan,

Soma barua hii ukiwa peke yako. Kama umesimama, kaa chini.

Ami yako Kaingu amefariki. Alhamisi ile, tarehe 3. Aliamka, akaenda kwenye benchi lake na msumeno, Dama akampelekea chai akamkuta ameegemea kama mtu anayetazama maji. Chai akaiweka karibu naye, akarudi kupika. Alipokwenda kuchukua kikombe ndipo akapiga ukelele. Tulimzika Ijumaa.

Jumamosi wageni wako wakafika. Sikuwa na njia ya kuwazuia. Barua yako ya vicheko nilikuwa nimeshaipata, nami nikawaza, mwanangu yuko majaribioni, Kaingu mwenyewe alitaka hawa watu waje. Nikamwambia Jaffar, "Waambie ni ngoma ya jirani tu." Yule naye kwao Kisauni huko, kifudu anakijulia wapi. Nikataka kuwapitisha nyuma. Lakini walisikia ile ngoma wakaifuata wenyewe, wakaingia duarani, wakapiga makofi. Ungeniona mimi, nimesimama na sinia la muhogo, nimeganda.

Wewe umekulia hapa lakini kifudu hukukijua kwa kuwa mimi sikukupeleka, si mila yetu, na Dama hakitaji ovyo. Ngoma ile hukaa darini. Haishuki ila mtu amekufa. Hawaipigi arusini, hawaipigi kwa serikali, hawaipigi kwa mazoezi. Wanasema ukiipiga bure unamwita mtu, na atakuja. Yule mwanamke wa kaniki uliyemwona kwenye video ndiye Mama Dama, mume wake ana siku moja kaburini.

Na hili ndilo linalonimaliza. Dama hakukasirika hata kidogo. Usiku ule aliniambia, "Salme, wageni wako Mungu awape. Wametoka mbali, hawamjui mume wangu, na wamemlilia pamoja nami. Yule mmoja alinishika mikono miwili." Alidhani wameambiwa. Sikumsahihisha. Niliona imemfariji, nikaiacha.

Basi Alhamisi barua yako ikafika. Erastus akanipa mlangoni kwa Dama, maana siku hizi kutwa tunashinda kwake. Wanawake wamejaa mkekani. Nduku akasema, "Soma, Mama Hanan, atuchangamshe." Nami nimezoea, sijapata kuisoma barua yako kimoyomoyo kwanza. Nikaona imeanza na majina yetu wote, nikasoma kwa sauti.

Hanan, macho yangu na kusoma kwangu unakujua. Nasoma neno moja, nalitamka, ndipo naelewa. Nilipoelewa maneno ngoma ya furaha nilikuwa nimeshayatamka. Nikasita. Dama akasema, taratibu kabisa, "Endelea." Nikasema imekwisha. Akasema, "Haijaisha, naona karatasi. Endelea." Wallahi nikaendelea, ulimi kama si wangu. Nikasoma mapema kabla ya jua, nikasoma kanzu nyeupe, nikasoma akae mbele kwenye benchi lake.

Nduku alikuwa na kisu mkononi na kiazi, akabaki hivyo hivyo.

Dama akaniuliza, "Kwa hiyo hawakujua?" Nikasema, "Hawakujua, dada." Akasema, "Nilimshika mtu mikono nikamlilia, naye alikuwa anafurahi." Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anaburura tawi la mgunga lenye miba, akalilaza njiani kwenda mikokoni, akaingia ndani akafunga mlango. Kanzu yenyewe, Hanan, ndiyo tuliyomfunikia.

Toka siku hiyo hasemi na mimi. Asubuhi ananipita kisimani kama anapita mbuzi. Miaka ishirini na kitu tumekopeshana chumvi.

Na Jumamosi watu kumi na wanne wanakuja. Nifanye nini?

Mama


Kambini, Taita
Jumatano, 16 Julai 2025

Mama,

Nimesoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani umekosea jina.

Nilimwandikia mtu aliyekufa avae kanzu. Nilisema atakuwa pambo. Mama, mkono huu huu.

Nimefuta ubao. Meneja akaniuliza kulikoni, nikamwambia, akasema wageni wameshalipia na wako njiani kurudi kutoka Amboseli, watakuja tu, tuwatafutie kitu kingine. Nikamwambia si kitu hicho, ni watu. Akasema nisilete kilio ofisini. Sikulia, lakini leo nimemwagia mgeni chai.

Mama, kwa nini hukuniambia? Najua. Mimi ndiye niliyesema lifunikeni. Kila nikiikumbuka ile barua naona nilikuwa nawaandikia amri kama mwenye nyumba.

Humu ndani nimetia karatasi ya Mama Dama. Nimempa pole na kumwomba radhi. Tafadhali msomee, lakini safari hii isome kimya kwanza.

Hanan


Mwakirunge,
Jumatatu, 21 Julai 2025

Mwanangu Hanan,

Assalaam aleykum. Nakuandikia na kichwa hakijakaa sawa. Jumamosi imenitokea mbele ya macho yangu na bado sijui nimeona nini. Nitakupangia kama ilivyokuwa.

Kwanza karatasi yako. Nilikwenda nayo kwa Dama siku ya Ijumaa, nikasimama nje ya ua, nikasema, "Hanan amekuandikia pole." Akajibu kutoka ndani, "Imekujaje?" Nikasema, na lori la Erastus. Akasema, "Pole haiji kwa lori la kabichi. Pole huja na miguu, ikakaa chini." Hakuipokea. Ninayo hapa kwenye kanga.

Jumamosi basi. Gari mbili zikaingia, upepo nao kwa ubaya wake ukatoka jaani. Wageni wanashuka na kofia zao na kamera. Nilikuwa nimeazimia. Nikamwambia Jaffar, "Leo utafsiri neno kwa neno, usipunguze." Nikawaambia, "Ngoma hakuna. Ile mliyoambiwa ni ya furaha ilikuwa ni msiba. Alikufa mume wa jirani yangu, aliyejenga njia mliyokuja kuiona. Njia imefungwa. Kosa ni letu, si la mjane. Nina wali wa nazi na samaki, na pahali pa kulala, basi."

Jaffar alinitazama kama nimechanganyikiwa. Akawaambia. Mara baruti ikalia machimboni, wakashtuka wote. Mwanamume mmoja akarudi garini akabana mlango. Wengine wakawa wanatazama viatu vyao. Nikasema moyoni, kazi ya Hanan ndiyo imekwenda.

Palikuwa na mama mmoja mzee, Mjerumani, mrefu kama mnazi, jina lake Lote. Akamuuliza Jaffar, njia yenyewe iko wapi? Akaonyeshwa. Akaenda mpaka kwenye lile tawi la miba, akavua kofia, akasimama pale na jua lote lile. Nduku akaninong'oneza, "Huyu ataanguka, halafu tuseme nini?"

Dama akatoka mlangoni. Akaniuliza mimi, neno la kwanza ana kwa ana toka barua ile, "Huyu anataka nini? Si umewaambia?" Jaffar akatafsiri. Yule mama akasema hakuja kutazama, anataka kumpa pole kwa mumewe. Akasema mume wake yeye pia alikufa.

"Lini?" Dama akauliza.

Wakati wa korona, akasema. Mume hospitali moja, yeye mwenyewe yuko hospitali nyingine, mgonjwa hajijui. Alipopata nafuu akaambiwa mumewe amekwishazikwa.

"Alizikwa na nani?"

Wafanyakazi wawili wa makaburi. Watu walikatazwa.

Dama akamgeukia Jaffar. "Umesikia vibaya. Mwulize tena. Nani alimlilia?" Jaffar akauliza. Yule mama akatikisa kichwa. Dama akasema, "Hata jirani?" Hata jirani, walifungiwa ndani. "Na baadaye?" Baadaye muda ulikuwa umepita, watu walishazoea.

Nimemjua Dama miaka yote hii, nimemwona akizika mtoto, nimemwona juzi akizika mume. Sijapata kuona uso wake vile. Alishika kifua. Akasema kwa Kigiriama jambo nisilolielewa vizuri, kisha akasema kwa Kiswahili, "Mtu mzima amekwenda hivyo, kama paka?" Akakaa chini hapo hapo mchangani. Na yule mama naye akakaa chini upande wake, miba katikati yao.

Wakakaa. Mimi nikasahau hata wali jikoni.

Mwisho Dama akauliza, "Aliitwa nani?"

"Oto."

Dama akainuka, akalishika lile tawi kwa mikono mitupu akaliburura kando. Damu ilimtoka kiganjani, hakuitazama. Akawaita wanawake, akasema, "Shusheni ngoma."

Nduku akaruka, "Dada, si ulisema haipigwi bure?"

"Nani amesema bure? Huyu ana maiti. Ana maiti wa miaka mitano hajaliliwa. Mnataka azidi kungoja?"

Hanan, walimlilia Oto. Lakini kwanza Dama akawaambia wageni wote, hapa hakuna mtazamaji, kamera garini, na watu wa msiba hufanya kazi. Wakachota maji. Wakapasua kuni. Yule mwanamume wa garini akatoka mwenyewe, akaomba ndoo, akasugua sufuria zangu zote mpaka masizi ya nje ambayo sijayatoa toka wewe mdogo. Kisha ngoma ikalia. Dama akamfunga yule mama kaniki yake mwenyewe, wakazunguka, na katika wimbo wakatia jina, Kaingu, Oto, Kaingu, Oto. Safari hii walipolia walikuwa wanajua wanamlilia nani. Nduku amekauka sauti mpaka leo. Anasema, "Nimemlilia Mjerumani kuliko nilivyomlilia baba mkwe."

Mimi ni Mwislamu, nilikaa pembeni nikasoma Fatiha yangu. Lakini nililia.

Asubuhi Dama akampeleka Lote mpaka mwisho wa mbao za Kaingu, wakakaa kwenye benchi la miguu mitatu, kila mmoja amejishika asianguke. Ndipo akanijia kisimani. Akaniambia hivi, nami nakuandikia alivyosema. Njia imefunguka. Wageni waje, watembee, wale, wajifunze kusuka makuti. Ngoma hakuna. Isiandikwe ubaoni wala popote. Atakayekuja na msiba wake, hilo ni jambo lingine, na wala asiambiwe habari ya ngoma kabla.

Nikamuuliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe mwenzangu wa chumvi, nitakwenda wapi." Nikamuuliza, "Na Hanan?" Akageuza uso. Akasema, "Tawi sijalichoma. Nimeliweka nyuma ya nyumba."

Basi mwanangu, hayo ndiyo yaliyoko. Meneja wako sijui atasema nini. Mimi sikuamrishi, una kazi yako, na najua ruhusa haipatikani wakati wa wageni wengi. Nakuambia tu tawi liko wapi.

Mama yako,
Salme


Kambini, Taita
Jumatano, 23 Julai 2025

Mama,

Meneja hakunipa ruhusa. Naondoka hata hivyo. Tutajua Jumatatu kama nina kazi.

Barua hii Erastus atakupa mkononi. Usiisome kwa sauti. Usinitafute lorini, nitakuwa nimeshuka pale njia panda, nimepita nyuma. Ukimaliza kusoma weka maji jikoni, halafu njoo kwa Mama Dama. Utanikuta nimeshakaa chini.

Hanan